Mnada wa magari Japani: faida ya yadi hupatikana kabla ya dau

Mtu anayetaka kuagiza Toyota Vitz au IST ili aiuze tena Dar es Salaam huanza kwa kutazama bei ya mnada. Anaona gari limeondoka kwa yen laki moja na nusu, anazigeuza kuwa shilingi, anakumbuka bei ya gari kama hilo kwenye yadi za Kinondoni, na moyo unamdunda. Tofauti ni ya mamilioni. Wanaoungua katika biashara hii mara nyingi wameingia kwa mlango huo huo. Tofauti hiyo ipo kweli, ila sehemu kubwa yake ina wenyewe tayari: meli, bandari, mamlaka ya mapato, wakala. Naandika kueleza pesa zinakwenda wapi, na kwa nini naamini kwamba faida ya gari la mnada huamuliwa kabla mtu hajaweka dau. Baada ya hapo kinachobaki ni kuisubiri meli.

Tuanze na swali ambalo wateja wengi huuliza: kama gari ni zima, Mjapani analiuza kwa nini? Japani gari jipya la mtu binafsi hupita ukaguzi wa lazima, wenyewe wanauita shaken, baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo unaambatana na kodi ya uzito, bima ya lazima, na matengenezo yoyote yatakayoonekana kuhitajika. Gari dogo likifika mwaka wa 9 au wa 11, gharama hizo zinaweza kuikaribia thamani ya gari lenyewe. Likivuka miaka 13, kodi yake ya kila mwaka nayo hupanda, kwa gari la petroli ni kama asilimia 15. Mwenye gari anapiga hesabu, analitoa kama sehemu ya malipo ya gari jipya, na muuzaji aliyelipokea hataki lijaze uwanja wake. Linapelekwa mnadani. Na kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, wateja wake wako tayari Mombasa, Dar es Salaam, Kampala, Lusaka, mpaka New Zealand.

Ukiangalia miaka hiyo ya ukaguzi utaona kitu. Gari linalouzwa kwa kukwepa ukaguzi wa mwaka wa 7 ndilo linaloweza kuingia Kenya, ambako sheria hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka 8. Lile linalouzwa mwaka wa 11 au wa 13 ndilo linalojaza meli za Dar es Salaam. Soko la kwetu limepangwa na kalenda ya Wajapani.

Mnada wenyewe

Minada hii haikuwekwa kwa ajili ya umma. Ni soko la wafanyabiashara wa magari, wenye leseni na uanachama. Kampuni kubwa kuliko zote ni USS, na uwanja wake mkubwa uko Noda, mkoa wa Chiba, jirani na Tokyo. Kila Alhamisi magari zaidi ya elfu kumi hupita pale, yakiuzwa kwenye mistari kadhaa kwa wakati mmoja. Kuna pia TAA ya Toyota, kuna JU ya vyama vya wauzaji wa magari yaliyotumika, na mingine mingi nchi nzima, kila mmoja na siku yake.

Wewe uliyeko Arusha au Nakuru unaingia kupitia kampuni inayosafirisha magari nje, ambayo ni mwanachama. Unaweka amana, unapewa namna ya kuona orodha ya magari ya kesho, unachagua, unataja kiwango chako cha juu kabisa, na wakala anabonyeza kitufe kwa niaba yako. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Magari unayoyaona kwenye tovuti za kampuni kama BE FORWARD au SBT yakiwa na bei iliyoandikwa ni mali ambayo mara nyingi imeshanunuliwa mnadani na kuongezewa faida. Hilo ni duka. Mnadani huoni bei ya kuuzia. Unaona bei ya kuanzia tu, na ile ambayo mwenye gari hatakubali kushuka chini yake inafichwa.

Gari moja linauzwa ndani ya sekunde chache. Kila anayebonyeza anapandisha bei kwa yen elfu chache, na vidole vikitulia limekwenda. Lisipofikia bei ya siri, halijauzwa, na wakala anaweza kujaribu kuzungumza na mwenye nalo baadaye. Japani wako mbele yetu kwa saa 6. Mnada ukifunguliwa saa tatu asubuhi kwao, Afrika Mashariki ni saa tisa usiku. Wapo wanaokesha na simu mkononi wakimwandikia wakala aongeze kidogo, aongeze kidogo tena. Mimi sishauri. Kiwango kilichoandikwa mchana na mtu aliyetulia kina akili kuliko kile cha saa tisa usiku.

Sababu haiko kwenye usingizi peke yake. Mnadani kuna watu wengi wanaokadiria thamani ya kitu kile kile, na anayeshinda ni yule aliyekadiria juu kuliko wote. Kama makadirio ya wengi yako karibu na ukweli, basi mshindi ndiye aliye karibu zaidi na kukosea. Kushinda peke yake ni habari ya kutia shaka. Na kati ya wapinzani wako wamo Wajapani wanaonunua ili wauze tena huko huko kwao, watu wanaolijua soko lao kuliko sisi sote. Wakikuachia gari kirahisi, uliza wameona nini.

Karatasi inayosema ukweli

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza kwa nini soko la magari yaliyotumika huelekea kuoza: muuzaji anajua siri ya gari, mnunuzi haijui, hivyo mnunuzi hutoa bei ya kujihami, wenye magari mazuri wanakataa kuuza kwa bei hiyo, na sokoni yanabaki mabovu. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2001, na hoja hiyo ilikuwa sehemu ya sababu. Wajapani walilijibu tatizo hilo kwa karatasi. Kampuni ya Aucnet ilipoanza mwaka 1985 kuuza magari kwa picha, mnunuzi akiwa ofisini kwake bila kuligusa gari, haikuwezekana bila mkaguzi wa kuaminika kuliandikia kila gari ripoti. Leo kila gari linalopita mnadani lina fomu ya ukaguzi, na anayenunua kutoka Tanga kwa hakika ananunua fomu hiyo. Picha hupigwa zipendeze, lakini fomu inaandikwa na mtu ambaye hapati chochote gari likiuzwa ghali.

Juu kabisa kuna gredi. S ni gari ambalo bado jipya, 6 na 5 yanalikaribia, 4.5 ni zuri sana, 4 ni zuri lenye alama za matumizi, 3.5 limeanza kuhitaji kazi ya bodi, 3 na kushuka limechoka. R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Pembeni kuna herufi ya hali ya ndani, kuanzia A kwenda chini. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu gredi ni muhtasari tu. Habari yenyewe iko kwenye mchoro wa gari ulio chini ya karatasi.

Chukua fomu ya Vitz yenye gredi 4, ndani B, kilomita 78,000. Kwenye mchoro, mlango wa kushoto umeandikwa A1: mchubuko mdogo. Bampa la nyuma U2: limebonyea. Fenda ya nyuma kulia W2: iliwahi kunyooshwa na kupigwa rangi, na jicho zuri linaona bado inapinda. Boneti XX: imebadilishwa. Chini ya gari herufi S: kutu. Hakuna R popote. Mnunuzi mgeni anasoma gredi 4 na kufurahi. Aliyezoea anasimama kwenye XX na W2. Boneti haibadilishwi kwa kupenda, na fenda ya nyuma haifunguliwi kwa bolti kama ya mbele, imechomelewa kwenye bodi. Gari hili liliguswa mbele na nyuma.

Basi kwa nini halikupewa R? Kwa sababu Wajapani huhesabu gari kuwa lilitengenezwa baada ya ajali pale tu mifupa yake inapoguswa: nguzo za paa, sakafu, paa lenyewe, viungo vya fremu, ile fremu ya mbele inayobeba rejeta. Boneti, milango, bampa na fenda za mbele ni vitu vya kufungua na kufunga, hata vikibadilishwa vyote gredi inaweza kubaki 4. Kinyume chake pia ni kweli. Gari linaweza kuandikwa RA kwa sababu fremu ya rejeta ilibadilishwa kufuatia mgongano mdogo, huku mengine yote yakiwa safi, na likauzwa kwa bei ya chini sana. Wafanyabiashara wenye fundi mzuri huyatafuta hayo kwa makusudi. Mimi sina ugomvi nao mradi wamwambie mteja.

Maandishi ya Kijapani ya mkaguzi yatafsiriwe yote, hata yakiwa mistari miwili. Huko ndiko kunakoandikwa kwamba giaboksi inastuka, injini inavuja oili, ndani kuna harufu ya sigara, au kwamba mita ya kilomita haiaminiki. Kwa mtu anayenunua ili auze, kutu ndiyo ninayoiogopa kuliko mikwaruzo yote. Magari ya kaskazini mwa Japani, Hokkaido na maeneo ya theluji, hupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, na kutu ya chini haionekani yadi mpaka fundi wa mteja alale chini ya gari.

Kuhesabu kutoka yadi kurudi mnadani

Sasa pesa. Kwa Tanzania, gari la petroli la injini kati ya cc 1001 na 2000 hutozwa kwa ngazi. Chukua thamani ya CIF, yaani gari, bima na meli mpaka bandarini, iwe 100. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, inakuwa 125. Juu ya 125 hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, yaani 6.25. Kama gari lina zaidi ya miaka 10, kuna ushuru mwingine wa uchakavu wa asilimia 30, yaani 37.5. Sasa ni 168.75, na juu yake VAT ya asilimia 18. Jumla inafika 199. Bado kuna tozo ndogo, kama ile ya reli. Kwa maneno mengine, serikali inalinunua gari hilo mara ya pili. Viwango hivi huguswa na bajeti ya kila Juni, kwa hiyo vikague kabla ya kuagiza.

Rudia hesabu hiyo kwa gari lisilofika miaka 8. Ushuru wa uchakavu haupo, na 100 inaishia kwenye 155. Gari lenye thamani ya CIF ya 128 lililo changa linatua Dar kwa gharama karibu ile ile ya gari zee la 100. Mtu anayekimbilia gari zee kwa sababu ni rahisi mnadani anaweza kuwa anamlipia mkusanya kodi tofauti ambayo ingempatia gari bora zaidi.

Kuna jambo jingine hapa ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalowaumiza wengi. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, haichukui tu bei uliyolipa. Ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kiko mtandaoni kwa kila mtu: unaingiza aina, modeli, mwaka, injini, kinakupa thamani na kodi. Thamani yao ikiwa juu ya ya kwako, inatumika ya kwao. Kenya nayo mamlaka yake, KRA, hukadiria kwa orodha yake ya bei za magari mapya, ikipunguza kulingana na umri. Kote kuwili, mfumo hauulizi gari limebonyea wapi. Gari la gredi 3 lenye kutu na la gredi 4.5 linalong'aa, mwaka mmoja na modeli moja, yanalipa kodi ile ile. Uliyeokoa kidogo mnadani kwa kuchukua bovu hukuokoa chochote bandarini, meli imekutoza kwa ukubwa wa gari ule ule, na fundi anakusubiri.

Ndiyo maana hesabu ifanywe kinyumenyume. Tuseme gari unalolitaka linauzwa yadi kwa milioni 17, bei ambayo watu wanalipa kweli. Ile iliyobandikwa kwenye kioo usiitumie. Toa faida unayoitaka, milioni 1.5. Toa bandari, wakala wa forodha, usajili, matairi na marekebisho, tuseme milioni 1.7. Imebaki 13.8. Kikokotoo kinasema kodi ni milioni 6.9. Imebaki 6.9. Meli na bima milioni 3. Imebaki 3.9. Ada ya mnada, ada ya kampuni ya Japani na usafiri kutoka uwanja wa mnada hadi bandari ya kule, milioni 1.3. Kimebaki 2.6, na hicho ndicho kiwango chako cha juu kabisa. Tarakimu hizi ni za mfano, badilisha kila moja kwa uliyoiulizia mwenyewe. Uwiano wake ndio wa kutazama: kitu kinachogombewa mnadani ni chini ya moja ya sita ya bei ya yadi. Ukimwambia wakala aongeze laki nne saa tisa usiku, umetoa zaidi ya robo ya faida yako kwa sekunde kumi. Na kama kwa nyongeza hiyo CIF yako imevuka thamani ya TRA, kila shilingi uliyoiongeza inazaa karibu shilingi nyingine ya kodi.

Kwa wanaoingiza Kenya kuna saa nyingine inayogonga. Miaka 8 huhesabiwa tangu usajili wa kwanza, na mwaka ukigeuka Januari kundi zima la magari linafungiwa nje. Kufikia mwanzo wa 2025, mwaka wa chini kabisa ulikuwa 2018. Gari la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa likinunuliwa Novemba, meli ikachelewa na kufika Mombasa baada ya Desemba 31, halina nafasi. Safari ya meli huchukua wiki nne hadi sita, na kabla yake kuna foleni ya ukaguzi na ya nafasi melini. Magari hayo hushuka bei mnadani kadiri mwaka unavyokwisha, na kushuka huko si zawadi. Kwa Uganda ukomo ni miaka 15.

Wizi

Kuhusu wizi nitasema machache. Tovuti bandia zinazoiga kampuni halali zipo, na JUMVEA, chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika wa Japani, ni mahali pa kuhakiki kama kampuni ipo kweli. Hatari inayowapata hata wazoefu ni barua pepe inayofika siku ya malipo, nembo ile ile, ankara ile ile, ila akaunti ya benki imebadilika. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, usiipige iliyo kwenye barua hiyo. Akaunti yenye jina la mtu binafsi, au iliyo nje ya Japani wakati kampuni iko Yokohama, usiilipe mpaka umepata jibu lenye kichwa na miguu.

Fomu ya mnada nayo hughushiwa, hasa kilomita na gredi. Iombe kutoka kwa wakala kabla ya dau, kisha gari likishapata hati ya kusafirishwa nje linganisha. Hati ya Kijapani mara nyingi huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho wa shaken. Hati ikisema 96,000 na fomu ikisema 61,000, mtu amecheza katikati.

Kumwonyesha mteja

Gari limefika, limelipiwa, limesajiliwa, liko yadi. Hapa biashara nzima hugeuka, maana sasa wewe ndiye mwenye siri na mteja ndiye asiyejua. Ulinunua kwa kuamini fomu, na wengi wakishauza huichana. W2 inafunikwa na rangi mpya, kiti chenye alama ya sigara kinavalishwa kava, na kilomita zinarudishwa kwa sababu eti mteja wa huku hanunui gari lililovuka laki. Naliona jambo hili kuwa dhuluma, tena dhuluma inayoirudisha biashara yote kule alikokueleza Akerlof: wateja wakishaamini kwamba kila yadi inadanganya, bei ya gari safi inashuka pamoja na ya bovu, na aliyelipia gredi 4.5 hapati pa kuidai tofauti yake.

Muuzaji anayebandika fomu kwenye kioo pamoja na tafsiri yake anaweza kuuza ghali kidogo, na anastahili. Kwa gari la RA aseme ni RA, aonyeshe fremu ya rejeta iliyobadilishwa, ashushe bei. Na asidhani kwamba mteja hana njia nyingine. Zipo huduma mtandaoni ambazo kwa malipo madogo humpa mtu fomu na picha za siku ile ya mnada, akiwa na namba ya chasisi tu. Namba hiyo iko kwenye kibati ndani ya boneti na kwenye kadi ya gari. Mteja akirudi kesho yake na simu inayoonyesha gari lile lile, rangi ile ile, uwanja wa Noda, kilomita 142,000, wakati dashibodi inasoma 68,000, hakuna punguzo litakalomfanya alipe, wala jirani zake aliowatumia picha hiyo.